Kuwaheshimu Wanasheria wa Makampuni



Limeletwa mbele ya Halmashauri shauri la kwamba chama chetu kiwape heshima vijana waliohitimu katika vyuo vya sheria na kupata sifa kubwa katika sheria ya makampuni. Wako walioipokea habari hii kwa furaha, na wako walioguna. Walioguna husema: "Wakili amteteaye mwenye shamba aliyedhulumiwa twamjua, na wakili amteteaye mshtakiwa asiye na mtu twamjua, bali huyu wa makampuni ni mtumishi wa matajiri, naye amekwisha kulipwa. Heshima yetu ataifanyia nini?" Neno hili si la kupuuzwa, wala waliolisema si watu wa husuda, kwa hiyo twaona yafaa lijibiwe wazi katika ukurasa huu.

Wengi wetu twaandika jina la kampuni katika jalada kila siku pasipo kuuliza ni kitu gani. Huko Uingereza alikuwako mshona viatu wa London jina lake Aron Salomon. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Hisa 20,001 alizishika mwenyewe, na sita zilizobaki akawagawia mkewe na watoto wake watano, kila mtu moja. Biashara ilipoanguka wadai walisema kwamba kampuni hiyo na Salomon ni mtu yule yule, basi alipe yeye. Mwaka 1897 Baraza la Malodi, ambalo zamani hizo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likakataa. Likaamua kwamba kampuni ikiisha kuandikishwa ni mtu mbali na wenye hisa wake. Ana mali yake na madeni yake, hushtaki na kushtakiwa, nao wanadamu walioiunda hufa ikabaki. Hana mwili wa kufungwa gerezani, wala hajapata kuugua homa ya Ruvu. Sheria ya namna hiyo ililetwa Tanganyika kwa Amri ya Makampuni ya 1932, ikatumika miaka mingi hata ikatungwa Sheria ya Makampuni Na. 12 ya 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006.

Tena kampuni ilifika katika nchi hizi kabla ya serikali. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Unguru, Usagara na Ukami, yaani katika nchi ambazo mto wetu huzipitia au kupakana nazo, akikusanya alama za wakubwa wa vijiji katika karatasi za Kidachi. Februari 1885 Kaisari wa Wadachi akawapa Peters na wenziwe hati ya ulinzi kwa nguvu ya karatasi zile zile, na nchi ikatawaliwa kwa jina la kampuni mpaka serikali ya Wadachi ilipoishika yenyewe mwaka 1891. Wazee wale hawakuwa wapumbavu. Walijua kupatana, kuapa na kuchanjiana. Walichokosa ni mtu wa kwao aliyeweza kuisoma karatasi kabla ya alama kutiwa, na kuwaambia kwamba anayepewa nchi si mgeni huyu aliyeketi mkekani, ila ni mtu mwingine asiyeonekana.

Mtu akitujibu kwamba hayo ni ya kale, twamwomba atazame bomba lipitalo karibu nasi. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mwaka 2003 kazi ya kugawa maji hayo katika Dar es Salaam, pamoja na Kibaha na sehemu za Bagamoyo, ilipewa City Water Services kwa mkataba wa miaka 10. Kampuni hiyo iliandikishwa hapa nchini. Lakini katika kila hisa zake 100, 51 zilikuwa za Biwater Gauff (Tanzania), nayo, pamoja na kubeba jina la nchi yetu, iliandikishwa Uingereza, na wenyewe walikuwa kampuni mbili, moja ya Waingereza na moja ya Wadachi. Hisa 49 zilizobaki zilikuwa za kampuni ya hapa. Ni kama kitunguu: umenya ganda moja ukute jingine. Karani aliyesoma neno "Tanzania" katika barua na kudhani anaandikiana na watu wa nyumbani alikuwa amekosea, na kosa hilo lilikuwa na bei, maana ni kwa kuwa kampuni ile ilikuwa ya Uingereza ndipo iliweza baadaye kuishtaki Serikali kwa mapatano ya Uingereza na Tanzania ya kulinda mitaji.

Kazi ilianza Agosti 2003 na haikuenda vema. Fedha zilizokusanywa zilipungua kuliko zilivyotarajiwa, na kodi ya kila mwezi iliyopasa kulipwa DAWASA haikulipwa kwa ukamilifu. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji, Bw. Edward Lowassa, alitangaza mbele ya watu kwamba mkataba umekwisha. Msamaha wa kodi wa kampuni ukaondolewa, ofisi zake zikashikwa, na tarehe 1 Juni wakubwa wake watatu wakatolewa nchini.

Kesi zikawa mbili. Katika ile iliyofunguliwa na City Water juu ya DAWASA, DAWASA ilishinda, ikaamriwa kulipwa pauni zipatazo milioni 3. Ya pili ilifunguliwa na Biwater Gauff juu ya Serikali katika Kituo cha Usuluhishi cha Washington, na hukumu yake ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Waamuzi walisema kwamba mkataba uliweza kuvunjwa kwa haki, kwa sababu kampuni ilishindwa kazi yake. Ila mambo yaliyofanywa tangu lile tangazo hadi wale watatu kutolewa yalivunja ahadi za nchi. Hata hivyo kampuni haikupewa fidia hata senti moja, kwa kuwa biashara yake ilikuwa imekwisha kukosa thamani kabla ya mambo hayo kutendeka.

Basi watu walishangilia ushindi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini msomaji wa makini ataona kwamba nchi iliponea chupuchupu. Mkataba wenyewe ulikuwa na njia ya kutoka, yenye ilani na siku za kungoja, na ilani ilikuwa imekwisha tolewa. Mwanasheria wa makampuni aliye hodari angalisema, "Mheshimiwa, ngojeni siku hizi zipite." Kauli kama hiyo haina shangwe wala haimpatii mtu picha gazetini, bali huokoa fedha ya watu. Hii ndiyo sifa tunayotaka kuitolea heshima, na ndiyo maana hatukubali kwamba elimu hii ni ya matajiri peke yao. Tena tusisahau kwamba katika kesi ile ya Washington vyama vitano viliruhusiwa kuwaandikia waamuzi kwa ajili ya maslahi ya watumiaji wa maji, na vitatu kati yao vilikuwa vya Tanzania, viwili vikiwa vya wanasheria wetu: LEAT na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Hao hawakuitwa na tajiri yeyote.

Wala elimu yenyewe haikupatikana kwa urahisi. Chuo cha kwanza cha sheria kwa Tanganyika, Kenya na Uganda kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Bibi Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu, kisha Waziri wa Sheria. Kabla ya hapo aliyetaka kuwa wakili ilimpasa kuvuka bahari.

Sasa kuna jambo tunalopenda kulisema kwa niaba ya makarani, hata ikiwa tutaambiwa twajisifu. Wakili haingii barazani mikono mitupu. Kodi isiyolipwa huthibitishwa kwa ankara, kwa stakabadhi, kwa barua zenye tarehe, kwa kumbukumbu za mikutano zilizotiwa sahihi. Vitu hivi hutunzwa na masjala. Ikiwa jalada limepotea, au tarishi hakuandika katika daftari siku aliyoipeleka barua, basi shahada nzuri kuliko zote haitamsaidia wakili. Kwa hiyo twashauri kwamba siku ya kuwaheshimu wahitimu, karani wa masjala aketi nao meza moja, si karibu na mlango.

Jambo jingine ni letu wenyewe. Chama cha akiba na mikopo, ambamo wengi wetu hukatwa mshahara kila mwezi, nacho ni mtu wa namna ile ile ya Salomon. Ni wangapi kati yetu wamepata kuyasoma masharti yake tangu mwanzo hadi mwisho? Tulipouliza hivi katika mkutano uliopita, mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitatu, na mmoja ulishushwa tena. Halmashauri imekubali kwamba mhitimu atakayepewa heshima aombwe kutusomea masharti hayo kwa Kiswahili, sharti kwa sharti, kila mtu akiwa na nakala yake. Kazi hiyo atuchangie bure, nasi zawadi yake tutaichanga.

Wenye kujua kijana wa Kibaha au Kisarawe anayestahili, mwanamume au mwanamke, na wamwandikie Katibu jina lake, chuo chake, na kazi aliyoifanya. Kazi ielezwe waziwazi. Jina la baba yake halitakiwi.