Patricia Neal: Mama aliyejifunza kusema upya nyumbani kwake

FEBRUARI 1965 gazeti la Variety la Marekani, linaloandika habari za sinema, lilitangaza kwamba mwigizaji Patricia Neal amefariki dunia. Hakuwa amefariki. Alikuwa amelazwa hospitalini Los Angeles, hana fahamu, ametoka kupasuliwa kichwa, na ana mimba ya miezi mitatu.

Siku chache kabla, alikuwa akimwogesha binti yake Tessa, wa miaka saba, pale mshipa wa damu ulipopasuka kichwani. Hospitalini ikapasuka mingine. Alikuwa na miaka 39. Nyumbani aliacha watoto watatu, mdogo wao akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja.

Patricia alizaliwa Januari 1926 huko Packard, jimbo la Kentucky, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe. Siku hizi Packard hakuna watu. Migodi ilifungwa, wakazi wakatawanyika. Familia ilihamia Knoxville, Tennessee, na huko ndiko alikokulia na kupenda maigizo. Baadaye alikwenda kutafuta kazi New York. Mwaka 1946 akapata nafasi katika tamthilia ya Lillian Hellman, Another Part of the Forest, na mwaka uliofuata, tuzo za jukwaani ziitwazo Tony zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, yeye alikuwa miongoni mwa waliozipokea. Alikuwa na miaka 21.

Hollywood ikamwita. Kuna waliomfahamu kwa The Day the Earth Stood Still ya 1951, wengine kwa A Face in the Crowd ya 1957. Alikuwa na sauti nzito kidogo, ya kukwaruza, ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Lakini filamu iliyomweka juu ni Hud, ya 1963, ambamo aliigiza mfanyakazi wa ndani katika shamba la ng'ombe huko Texas. Si sehemu ndefu, ila kila akionekana macho yanamfuata yeye. Ilimpa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Usiku wa tuzo hakwenda kuichukua. Alikuwa kwake Uingereza, mjamzito.

Mume wake alikuwa Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto ambavyo hata shule nyingi za Afrika Mashariki zimekuwa navyo kwenye makabati. Dahl si mgeni kabisa huku kwetu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia aliishi Dar es Salaam akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na vita vilipoanza akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Walioana New York mwaka 1953 na kujaliwa watoto watano.

Kiharusi hakikuwa msiba wa kwanza katika nyumba hiyo. Desemba 1960, mtoto wao Theo, wa miezi minne, alikuwa akisukumwa kwenye kigari chake katika barabara ya New York pale teksi ilipomgonga. Kichwa kiliumia vibaya, maji yakawa yanajaa kwenye ubongo, na mrija uliowekwa kuyatoa ulikuwa ukiziba kila mara. Dahl, pamoja na daktari wa upasuaji Kenneth Till na fundi Stanley Wade, aliyekuwa akitengeneza injini za ndege za kuchezea, walibuni vali ndogo isiyoziba upesi. Theo alipata nafuu kabla hajaihitaji, lakini watoto wengi wa watu wengine waliwekewa.

Novemba 1962 ikaja surua. Binti yao wa kwanza, Olivia, wa miaka saba, aliugua na kuonekana anapona. Baba yake alikuwa ameketi kitandani akimfundisha kutengeneza vinyama vidogo, akagundua vidole vya mtoto havifuati anachotaka. Muda si mrefu Olivia akapoteza fahamu, na akafariki. Surua ilikuwa imepanda kwenye ubongo. Chanjo ya surua iliidhinishwa Marekani mwaka uliofuata tu. Miaka ya 1980 Dahl aliwaandikia wazazi wa Uingereza kuwasihi wawachanje watoto wao.

Ila ndani ya nyumba yake mwenyewe alinyamaza. Patricia ameeleza jinsi mumewe alivyoshindwa kumzungumzia Olivia, wakati yeye mama alitamani sana jina hilo litajwe. Kila mmoja akaomboleza peke yake. Wazazi waliofiwa na mtoto wanaufahamu ukimya wa namna hiyo, na wanajua watoto waliobaki huusikia.

Huyo ndiye mama aliyezinduka hospitalini mwaka 1965, baada ya wiki tatu hivi bila fahamu. Upande wa kulia ulikuwa umepooza. Hakuweza kutembea wala kusoma, na maneno yalikuwa yamemtoka. Aliita vitu kwa majina yasiyokuwepo katika lugha yoyote. Mwigizaji aliyekuwa akikariri kurasa nyingi hakuweza kuomba maji.

Waliporudi kijijini kwao Great Missenden, Dahl aliamua kwamba saa moja ya mazoezi kwa siku haitoshi. Akawapangia majirani na marafiki zamu, asubuhi na mchana, jumla saa sita hivi kila siku. Huyu anakuja kusoma naye, yule kufanya hesabu za kitoto, mwingine kucheza karata. Hawakuwa wauguzi. Mmoja wao, Valerie Eaton Griffith, akawa mwalimu wake kwa miaka, na baadaye akaandika kitabu kuhusu njia hiyo ya kuwatumia watu wa kawaida. Vikundi vya kujitolea kwa wagonjwa wa kiharusi nchini Uingereza vilianzia humo.

Dahl mwenyewe alikuwa mkali. Aliyewahi kuuguza mtu wa kiharusi anajua kishawishi kilivyo: mgonjwa anaonyesha kikombe kwa kidole, nawe kwa huruma unampa haraka. Dahl hakutoa. Taja jina lake kwanza. Wageni waliona ni ukatili, na Patricia alikuwa na siku za kumchukia. Hapa familia mbili haziwezi kukubaliana, na pengine wote wana haki. Ukali ule ulimrudishia maneno. Lakini watoto walikuwepo wakitazama mama yao akifundishwa kama mtoto wa chekechea, na Tessa, akiwa mtu mzima, hakuficha kwamba utoto huo ulimwachia majeraha.

Agosti 1965 alijifungua salama mtoto wa kike, Lucy. Hilo peke yake lingetosha kuitwa muujiza, ila kwa mumewe halikutosha. Mwaka 1967 Dahl alikubali kwa niaba yake, bila kumpa nafasi ya kukataa, kwamba angehutubia hafla ya kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye majeraha ya ubongo, New York. Valerie alimkaririsha hotuba neno kwa neno. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama. Katika kitabu cha maisha yake, As I Am, Patricia anakiri kwamba usiku huo ndipo alipoelewa mumewe alikuwa akifanya nini wakati wote ule.

Mwaka 1968 alirudi kwenye sinema katika The Subject Was Roses, akiigiza mama aliyekwama kati ya mume na mwana wao aliyerudi kutoka vitani. Kukariri kulikuwa mateso. Bado alichechemea, na kumbukumbu ilimkimbia katikati ya sentensi. Akateuliwa tena kuwania Oscar.

Ingekuwa hadithi, ingeishia hapo. Mwaka 1983 wakaachana, baada ya Dahl kuwa na uhusiano wa muda mrefu na Felicity Crosland, mwanamke aliyekuwa rafiki wa familia. Yule aliyemlazimisha kutaja jina la kikombe ndiye aliyemwacha, na Patricia akarudi Marekani akiwa na hasira, ambayo hakuificha kitabuni. Miaka ikapita, alipatana na Dahl na hata na mke huyo mpya.

Aliendelea kuigiza. Mwaka 1999, akiwa na miaka 73, alikuwa bibi Cookie katika Cookie's Fortune ya Robert Altman. Alifariki Agosti 2010, akiwa na miaka 84. Kule Knoxville alikokulia kuna kituo cha kuwasaidia wagonjwa wa kiharusi na majeraha ya ubongo, kilichofunguliwa mwaka 1978 na kupewa jina lake. Alikuwa akienda huko kuwatembelea wagonjwa, akiingia kwa mwendo wake ule ule wa kuchechemea.