Msaada Usiliwe na Nauli

Mzee aliye kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Akiwa anaishi Chepalungu ndani kabisa, au kwenye vilima vya chai nje ya Litein, boda huanza kuzimega kabla hajaingia dukani. Kwa hiyo wazo la familia zinazopokea msaada kuagiza chakula kwa simu lisipuuzwe kama anasa ya Nairobi.

Marekani walianza kulijaribu Aprili 2019, jimboni New York, kwa familia za SNAP, mpango wa serikali wa msaada wa chakula. Fedha za msaada hununua chakula tu. Kufikishiwa mzigo, mtu hujilipia. Kanuni hiyo ikiletwa huku itaua mpango siku ya kwanza, maana shida yetu ni njia. Gharama ya kufikisha ibebwe na kaunti, waziwazi, kwenye bajeti.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya yaliyoipata kampuni ya Copia. Mteja wa kijijini aliagiza kupitia wakala mwenye duka la karibu, bila kuhitaji simu janja, na mzigo ukamfuata hapo. Utaratibu mzuri. Lakini Mei 2024 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi. Kupeleka vifurushi vidogo mashambani ni ghali, na mtaji wa wawekezaji una mwisho.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma nako kuna funzo. Kuanzia 2015, kupitia mpango wa Bamba Chakula, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwatumia wakimbizi salio la chakula kwenye simu. Walipata kuchagua, jambo ambalo mgao wa magunia haukuwapa. Ila salio lilikubalika kwa wafanyabiashara waliosajiliwa tu, na mwenye deni kwa mmoja wao hakuwa na pa kukimbilia.

Huku kwetu chakula kinachomjenga mtoto kiko jirani: managu, saga, maziwa, mayai, maharagwe. Mpango utakaosomba unga na mafuta kutoka ghala la mbali huku managu yakinyauka sokoni Silibwet utakuwa umemsahau mkulima, na mtoto pia. Mama mboga aandikishwe, na ushirika wa maziwa. Oda itumwe hata kwa simu ya kabambe. Ichukuliwe kwenye kituo cha kuuzia majani chai, ambako akina mama hufika na mizigo yao. Sigor, kusiko na chai, zahanati itafaa.

Na asiyetaka kuagiza aachiwe fedha zake mkononi. Ana dawa za kununua, na pengine mjukuu anayedaiwa karo.