Shairi Jepesi Si Shairi Duni

Wako watu, msomaji, na baadhi yao ni waalimu, washikao kwamba shairi lisilomtoa mtu jasho si shairi. Utungo ukieleweka na muuza samaki huudharau. Usipoeleweka na yeyote huuita wa hekima. Itikadi hiyo imewafukuza vijana wengi mlangoni mwa ushairi wa Kiswahili. Nakutaka uipinge, na silaha yako iwe kitabu kimoja: Malenga wa Mvita.

Diwani hii ni ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1936. Ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ikapigwa chapa Nairobi mwaka 1971. Miaka mitano kabla ya hapo mashairi yake mengine yalikwisha tolewa Marekani, pamoja na tafsiri ya Lyndon Harries. Ingawa hatuhitaji muhuri wa wageni ili tujue thamani ya kilicho chetu.

Wepesi wa tungo zake una sababu. Nyingi ziliimbwa. Binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyezifikisha arusini na vibarazani mwa Mji wa Kale. Sasa fikiri. Msomaji wa kitabu akikwama hurudi nyuma; msikilizaji wa wimbo hana pa kurudi, kwani mwimbaji amekwisha pita. Neno lisipoingia sikioni mara ile moja limepotea. Kwa hiyo mtunzi wa namna hii huchagua maneno kwa uangalifu kuliko yule ajifichaye nyuma ya msamiati wa kale. Tena huchagua akiwa ndani ya kifungo: mizani 16 katika kila mshororo, 8 huku na 8 huku, na vina vya kati na vya mwisho visipotee. Jaribu leo usiku kutunga beti tatu za namna hiyo, wala usipachike hata neno moja kwa ajili ya kutimiza vina tu. Ndipo utakapojua kama wepesi huo ni kazi nyepesi.

Atatokea wa kukwambia, “Lakini ile si lugha yetu, ni Kimvita.” Kweli, na mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika Mombasa penyewe! Lakini usanifu uliwekwa kwa ajili ya vitabu vya shule, haukuwekwa ili kuwafunga malenga midomo. Mara nyingi usemapo ch, Mmvita husema t: mchele ni mtele, macho ni mato, nchi ni nti. Ikiwa unamudu Kiingereza cha Shakespeare cha miaka 400 iliyopita, utashindwaje na mato?

Basi ukiipata diwani hii, usianze kwa kuwinda dhamira za kujibia mtihani. Isome kwa sauti, umsomee bibi yako asiyepata kwenda shule. Akianza kutikisa kichwa kabla hujafika kwenye kituo, mwulize yeye maana yake. Kesho yake umwulize mwalimu apendaye mafumbo kama tungo azisifuzo yeye zimepata kusikilizwa hivyo.