Kamera ya HD ya dola mia mbili: nani anunue, nani abaki na simu yake

GOMA – Kila mara kwaya, chama cha vijana au kamati ya wahamishwa inapokusanya michango, swali lile lile hurudi: inunuliwe kamera ndogo ya video, au simu inatosha? Swali hilo si dogo. Dola mia mbili ni karo ya watoto, ni mtaji wa mama anayeuza ndizi sokoni. Tena, kwa familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru na kuacha hata picha za ukutani, video ya ubatizo au ya matanga ndiyo albamu pekee iliyobaki.

Wauzaji huanza na neno moja: HD. Husema picha ni safi, na hapo hawadanganyi. Lakini huku mashariki ya Kongo usafi wa picha siyo unaoamua kama kamera itafaa au italala kabatini. Kinachoamua ni mambo matatu: sauti, umeme, na mahali pa kuhifadhi video. Ikipimwa kwa mambo hayo, kamera ya bei ya chini ni chombo kizuri cha kundi na mzigo kwa familia moja.

Mfano mmoja unaojulikana

Tuchukue Sony HDR-CX405. Ilitangazwa Januari 2015 na ni kati ya kamera za HD za bei ya chini zinazojulikana zaidi. Ilipotoka iliuzwa dola mia mbili na kitu huko Marekani. Huku, kila mkono unaoipitisha huongeza chake.

Inapiga video ya HD kamili, yaani vidoa 1920 kwa 1080. Ni nyepesi, haifiki robo kilo pamoja na betri, na inakaa ndani ya kiganja. Haina mambo mengi: fungua kioo cha pembeni, bonyeza kitufe chekundu, kazi imeanza. Mama wa kwaya ambaye hajawahi kushika kamera anaweza kuizoea kwa mchana mmoja.

Uzuri wake mkubwa ni kuvuta picha ya mbali. Lensi yake inavuta mara 30 kwa vioo vyenyewe. Simu nyingi za bei nafuu hazivuti hivyo. Zinakata kipande cha picha na kukitanua, na sura ya mtu inageuka ukungu. Anayekaa nyuma ya kanisa lililojaa, au mwisho wa uwanja wa mkutano, ataona tofauti mara moja. Tena lensi hiyo ina namna ya kutuliza mtikisiko, ingawa ukivuta mpaka mwisho ni lazima kamera isimame juu ya miguu mitatu au hata juu ya kiti.

Umeme: hapa inashinda

Kamera nyingi za zamani zilidai chaja yao peke yake, ya ukutani. Hii ina waya mfupi wa USB uliofichwa kwenye mkanda wa mkono. Popote simu inapochajiwa, nayo inachajiwa: kwenye kioski ya solari, kwenye kompyuta, kwenye pawabanki. Kwa mtu aliye kambini, au katika mtaa ambao umeme hukatika siku mbili, hilo lina thamani kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye boksi.

Lakini betri yake ni ndogo, 1240 mAh. Ikiwa mpya inapiga mfululizo chini ya saa mbili, na ukiwasha na kuzima mara kwa mara muda unapungua sana. Harusi ya huku haimaliziki kwa saa mbili. Kwa hiyo hesabu ya kweli ya bei ni kamera pamoja na betri ya pili, na pawabanki ya 10,000 mAh inayoweza kuijaza mara nne hivi. Anayenunua kamera peke yake amenunua nusu ya chombo.

Sauti: hapa inashindwa

Kamera hii haina tundu la kuchomeka maikrofoni, wala tundu la visikizio. Sauti yote inaingia kupitia maikrofoni iliyofungwa ndani yake. Ikiwa kwaya iko mita tano mbele, hakuna shida. Ikiwa mzee anaeleza kwa sauti ya chini jinsi kijiji chake kilivyochomwa, na mvua inapiga juu ya shitingi au juu ya mabati, kitakachosikika ni mvua.

Wengi hulikosea jambo hili kwa sababu hutazama video dukani bila sauti. Picha mbaya yenye sauti safi bado ni ushuhuda. Itachezwa hata redioni. Picha safi isiyosikika ni sinema bubu.

Kuna njia ya kuponea. Simu iwekwe mfukoni mwa shati la anayesema, au mbele yake juu ya meza, ikirekodi sauti peke yake. Mwanzoni mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Baadaye, kwenye kompyuta, kofi linaloonekana linalinganishwa na kofi linalosikika, na sauti ya simu inawekwa mahali pa sauti ya kamera. Ni kazi, lakini ni ya bure.

Kwa kikundi ambacho kazi yake kubwa ni kuhoji watu, afadhali kutafuta Canon Legria HF R806. Nayo ni ya HD kamili, inavuta mara 32, na ina tundu la maikrofoni. Ubaya wake ni chaja ya ukutani. Kila kundi lichague shida ambayo liko tayari kuibeba.

Hesabu ya kadi

Hapa ndipo wengi huumia baada ya kulipa. Ikiwekwa kwenye ubora wa juu kabisa, kamera hii hula karibu 375 MB kila dakika. Kadi ya 64 GB inajaa kabla ya saa tatu. Video ya dakika tano inakaribia 2 GB, na hakuna forfait ya intaneti ya mwananchi wa kawaida inayoweza kuituma kwa ndugu aliye Kampala au Nairobi.

Ukishusha ubora hadi ule wa katikati, kadi hiyo hiyo inafika saa nane hivi, na kwenye kioo cha simu wengi hawataona tofauti. Shida ni kwamba video za namna hiyo, zinazoitwa AVCHD, simu nyingi zinashindwa kuzifungua. Dawa imo ndani ya kamera yenyewe: inaweza kurekodi mara mbili kwa wakati mmoja, video kubwa ya kuhifadhi na video ndogo ya MP4 ya kutuma. Sehemu hiyo iwashwe kwenye menyu siku ya kwanza, isizimwe tena.

Kamera haina Wi-Fi. Lakini kadi yake ni ile ile ndogo ya simu. Ikiingizwa kwenye simu yenye nafasi ya kadi, video ndogo zinaweza kuonekana na kutumwa. Simu ikiuliza kama kadi ifutwe ili itumike upya, jibu ni hapana. Kwa swali hilo moja watu wamepoteza harusi nzima.

Baada ya kurekodi, nakala mbili katika nyumba mbili. Kadi na kompyuta vilivyo ndani ya begi moja vitaibiwa au kuungua pamoja. Aliyewahi kukimbia usiku anajua kwamba vitu vizito hubaki nyuma. Kadi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inaweza kushonwa ndani ya upindo wa kitenge.

Mitego ya sokoni

Mtego wa kwanza ni kamera zisizo na jina zilizoandikwa "4K" na megapikseli nyingi, kwa bei ya chini kuliko hata Sony hii. Nyingi zinakuza picha ndogo ili ionekane kubwa, na kuvuta kwao ni kule kwa kukata, kama simu. Kipimo ni rahisi: angalia mbele ya lensi wakati wa kuvuta, kisha soma boksi. Kama hakuna neno "optical zoom", ni simu mbovu ndani ya umbo la kamera. Wahenga walisema rahisi hughali.

Mtego wa pili ni kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Chini yake huandikwa 60i. Umeme wa Kongo ni wa 50 Hz, na ndani ya ukumbi wenye taa za neon picha yaweza kupepesa. Kwa huku itafutwe yenye alama ya 50i.

Wa tatu ni mtumba usiojaribiwa. Kabla ya kulipa, rekodi dakika kumi mfululizo, vuta mpaka mwisho na kurudi, sikiliza sauti kwenye simu, na utazame kama betri inashuka haraka. Angalia pia kama kuna mchanga kwenye kifuniko cha lensi. Vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Goma halina huruma na vitu vidogo vinavyozunguka.

Giza, na macho ya watu

Kijicho cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo sana. Mchana nje, picha inapendeza. Usiku, kwenye taa moja ya solari, inajaa chenga. Mkesha wa matanga unahitaji taa mbili, na hizo pia ni pesa.

Jambo la mwisho halimo kwenye kitabu cha maelezo. Kamera inaonekana kutoka mbali kuliko simu. Tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23, na pia katika sehemu zilizo chini ya vikosi vingine, mtu mwenye kamera mkononi anaweza kuulizwa maswali mazito. Mkuu wa mtaa na wenye kikao wajue kabla. Kamera isielekezwe kamwe kwenye kizuizi wala kwa mtu mwenye silaha.

Kadi, tena, haina siri: atakayeiokota ataona sura zote zilizomo. Mama aliyetendewa vibaya anaweza kurekodiwa mikono yake, au mgongo wake, na sauti yake ikabaki na uzito ule ule. Jina lake lisitajwe mbele ya kamera hata kwa bahati mbaya. Ubora wa HD humfanya mtu atambulike kirahisi. Kwa harusi hilo ni zuri, kwa ushuhuda ni hatari.

Wanaosema simu inatosha

Hawajakosea wote. Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walirekodi kwa simu, kwa kuwa simu ndiyo iliyokuwa mfukoni. Kamera nzuri iliyofungiwa kabatini haikumsaidia mtu. Kwa familia inayotaka kuona mtoto akitembea hatua ya kwanza, na kumtumia nyanya video hiyo siku hiyo hiyo, simu inatosha kabisa. Dola thelathini za maikrofoni ya kubana kwenye shati, kadi nzuri na miguu mitatu midogo zitaifanya simu hiyo iwe bora kuliko dola mia mbili za kamera.

Lakini simu inapigiwa katikati ya ibada. Inapata moto juani na kusimama. Nafasi yake inajaa nyimbo na picha za WhatsApp, na mwenye simu akihama, kumbukumbu za kundi zima zinahama naye. Kamera ya kundi ni mali ya kundi, na hapo ndipo faida yake inapoonekana.

Hukumu

Familia moja isinunue. Kijana anayetaka kuanza kazi ya kurekodi harusi anaweza kuanza na CX405, mradi ahesabu betri ya pili na kadi mbili tangu mwanzo, na asimdanganye mteja kuhusu picha za usiku. Redio ya mtaa au kamati inayokusanya shuhuda itafute kwanza tundu la maikrofoni, hata kama picha ni ya chini kidogo.

Kwaya, AVEC, chama cha wazazi wa shule na kamati za wahamishwa ndio wanaofaa zaidi. Watu ishirini wakichangia kila mmoja sehemu yake, kamera, betri na kadi zinapatikana, na hakuna nyumba itakayolala njaa kwa ajili hiyo. Waandike kwenye daftari nani anaitunza, nani anaitumia lini, na nakala ya pili inakaa kwa nani. Daftari hilo lifunguliwe kabla ya pesa kutoka. Kundi likishindwa kukubaliana juu ya kurasa hizo tatu, liache kununua, kamera haitawapatanisha.