Mwiba wa Chupa



Watoto wanaochunga ng'ombe huku Sola, wilayani Maswa, wanajua miiba ya aina mbili. Mwiba wa mgunga ukikuchoma, unauchomoa na safari inaendelea. Wa pili ni kipande cha chupa. Mwaka jana, msimu wa kupanda pamba, kijana wa jirani yangu alikanyaga kitako cha chupa kando ya Bwawa la New Sola akinywesha mifugo. Alishonwa nyuzi sita. Chupa ile iliachwa na watu wa harusi, na katika harusi ile msimamizi wa vinywaji nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo naitazama chupa kwa jicho jingine. Ganda la muhogo huoza, hata kiatu cha ngozi huoza. Kioo hakiozi. Ngitili zetu zilianza kufufuliwa mwaka 1986 kwa mradi wa HASHI, wakati Maswa na Bariadi zikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Majani yakarudi, miti ikarudi. Chupa tunayoitupa humo leo, wajukuu wataikuta.

Wapo waliogeuza balaa hili kuwa kazi ya mikono. Huko Arusha kuna karakana iitwayo Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza glasi, shanga na mapambo kwa chupa zilizotumika. Chupa huoshwa, huvunjwa na kuyeyushwa katika tanuru. Kisha fundi huchota uji ule wa moto kwa bomba la chuma, akapuliza huku akilizungusha. Kinachotoka hupozwa polepole, maana kikipoa ghafla hupasuka.

Kule Kenya, Nani Croze alianzisha Kitengela Glass pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Nyumbu waliokuwa wakipita nyanda zile kwa makundi wamezibiwa njia na nyua na majumba. Kazi zake nyingi ni wanyama na mimea kwa vioo vya rangi, na vioo vilivyokwisha kutumika vimo humo. Mtu akisimama kutazama uzuri wa viumbe vya Mungu, anatazama pia taka zake mwenyewe. Hilo lilinigusa kuliko mahubiri mengi, wachungaji wanisamehe. Katika Ayubu 28 kioo kinatajwa pamoja na dhahabu. Sisi tunakitupa njiani.

Lakini jamani, mtu asijaribu kuyeyusha chupa nyumbani kwa mkaa. Tanuru la kioo hupita nyuzijoto 1000; tungeimaliza ngitili tukidai tunaiokoa. Sisi akina mama wa hapa tumekubaliana hivi: siku ya sherehe mmoja wetu anapewa gunia. Chupa nzima zinabaki majumbani kwa mafuta ya alizeti na asali. Zilizovunjika zinafukiwa katika shimo refu, mbali na njia ya ng'ombe, na mtoto hatumwi kuziokota.

Kijana yule amepona, anachunga tena. Siku hizi anavaa katambuga za baba yake, ingawa zinamzidi mguu.