Jiwe la Volkeno Lasingiziwa

Jiwe la volkeno ni bovu: ndiyo imani ya wapanda miamba wengi wa Ulaya waliozoea kuta za mawe ya chokaa. Wanadai linamomonyoka, linabaki mkononi, na kwamba anayebeba kamba kwenda Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, anafuata jua tu. Imani hiyo ni ya uvivu. Inalihukumu jiwe kwa ukoo wake, haiulizi lilipoaje.

Volkeno moja huzaa mawe yasiyofanana. Matone ya lava yaliyorushwa juu na kutua yakiwa yamekwisha poa huwa kokoto nyepesi zinazoporomoka chini ya kiatu, na hapo lawama ni ya haki. Majivu yanayoteremka mlimani kama wingu zito, yakiwa na joto la mamia ya nyuzi, ni habari nyingine. Hutua chembe zake zikiwa bado laini, zikashikamana, na uzito wa tabaka za juu ukazigandamiza zikawa mwamba mmoja. Wanajiolojia huuita ignimbriti. Maji yalipouchonga mwamba huo kusini mwa Tenerife yaliacha makorongo ya Arico, yenye kuta fupi zilizojaa matundu yanayopokea vidole viwili au vitatu, mahali panapojulikana na wapandaji wa nchi nyingi.

Juu zaidi, Las Cañadas, kwenye mita zipatazo 2,000 chini ya kilele cha volkeno ya Teide, lipo jiwe liitwalo fonoliti. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya jiwe lenye sauti, kwa kuwa bamba lake likigongwa hulia. Mpandaji hugonga mwamba kabla ya kuuamini, na mlio mzito wa utupu ndio anaouogopa. Jiwe lililopewa jina kwa mlio wake mkali kuitwa bovu ni kichekesho. Afrika Mashariki nako, Batian, kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, ni mwamba ulioganda kooni mwa volkeno ya kale, na ulipandwa tangu 1899.

Hilo jua lenyewe, linalodhaniwa ndilo kivutio, hukimbiwa. Mwamba wenye joto hufanya vidole vitoke jasho na kuteleza, kwa hiyo Arico watu hufuata kivuli, asubuhi ukuta huu, alasiri ule wa pili. Las Cañadas iko juu ya mawingu, na usiku wa kipupwe barafu hushika.

Penye malalamiko ya kweli ni kwenye chuma, si kwenye jiwe. Kwenye majabali ya pwani chumvi ya bahari huweza kupasua kwa ndani bolti za chuma cha pua zinazoshikilia kamba mwambani, nje zikionekana nzima. Bolti zinazofaa huko ni za titani, zikigandishwa kwa gundi ndani ya tundu, nazo ni ghali.