Mgeni wa Ruangwa atoke kambini

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walivamia Nachingwea kulima karanga. Walileta matrekta, wakajenga na reli kutoka pwani, lakini ardhi na mvua viliwashinda. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Wapiganaji wa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, waliofika Nachingwea miaka ya 1960 walikuwa na nafuu ya lugha: Kimakonde, Kimakua na Kiyao walivyoviacha ng'ambo ya mto Ruvuma walivikuta huku pia.

Leo madini ya kinywe yanawaleta wageni wengine Ruangwa, jirani na Nachingwea, wengi wakiwa hawajui hata salamu. Kampuni ziwafundishe Kiswahili mapema, ziwaruhusu kutoka kambini na kupanga mitaani. Waende sokoni wenyewe, wamwamkie bibi muuza mbaazi shikamoo, ndipo waulize bei. Halmashauri iyaweke hayo kwenye mazungumzo yake na wawekezaji.